Gari ni Lenu Wawili: Giaboksi, Shokapu na Amani ya Nyumba

Ukitaka kuujua uhusiano wa watu wawili, usiwatazame siku ya sendofu wakiwa wamevaa sare na kushikana mikono mbele ya kamera. Watazame siku gari lao linapoanza kugonga huko chini, wako katikati ya Segera na Hale, jua linawaka, malori yanapita, na kila mmoja ana uhakika kabisa kwamba kosa ni la mwenzake!

Mpenzi msomaji, mwezi huu tumeweka pembeni maua na zawadi. Tunaingia chini ya gari. Kwa nini? Kwa sababu kwa wengi wetu tulio kwenye ajira na ndoa changa, gari ndiyo mali ya kwanza kubwa tunayonunua pamoja. Kabla ya kiwanja, kabla ya nyumba. Na gari lenyewe, tuseme ukweli, si jipya. Ni la mtumba kutoka Japani, limeshaendeshwa na wenye nalo, limeshuka bandarini likiwa na umri wake.

Wenzetu wa Kenya, ukivuka tu pale Horohoro, hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusiwa, ila unalipia ushuru wa ziada wa uchakavu. Matokeo yake ni kwamba Toyota IST ya 2003 unayoiona inang'aa pale Chumbageni imeshapita miaka 20. Ndiyo, inang'aa. Lakini magoti yake ni ya mtu mzima.

Gu! Moja iliyotaka kuvunja nyumba

Nina marafiki wawili, mke na mume. Mke yuko benki, mume anafundisha sekondari. Walinunua IST yao kwa kujibana miaka miwili. Baada ya muda ikaanza tabia: kila ukiingiza rivasi, gu! Gari zima linatikisika, mpaka jirani anatoka dirishani.

Wakaenda gereji moja. Fundi hakufungua hata boneti. Akakaa kwenye usukani, akaingiza rivasi mara mbili, akashuka anajifuta mikono. "Bosi, hiyo giaboksi imekwisha. Tafuta nyingine."

Bei ya giaboksi ya mtumba pamoja na ufundi ilikuwa zaidi ya milioni moja. Na pesa hiyo walikuwa nayo, ila ilikuwa ya matofali ya kiwanja chao kule Pongwe. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mume anasema mke anaingiza rivasi gari halijasimama. Mke anasema gari lilichaguliwa kwa rangi, si kwa akili. Wiki tatu mke anapanda bajaji kwenda kazini, na gari liko uani. Chakula kinaliwa kimya. Hapo tena haikuwa habari ya giaboksi, si unajua?

Mwisho wakaniomba niwasindikize kwa mzee mmoja wa Ngamiani, fundi wa siku nyingi, gereji yake ni mwembe na benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Haya, nani anaendesha zaidi?"

Mume akaanza kueleza. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mke. "Na wewe mama, unasikia nini?"

"Nasikia gu, mara moja tu, nikiingiza rivasi au D. Nikishaondoka, kimya."

"Inapanda mlima?"

"Inapanda vizuri."

"Gia zinabadilika bila kuvuta?"

"Hata sizisikii, mzee."

"Basi giaboksi ina kosa gani?"

Akafungua boneti. Akamwambia mume akae kwenye usukani, avute breki ya mkono, akanyage breki ya mguu kwa nguvu, kisha aingize D, halafu R, polepole. Sisi wengine tukasimama ubavuni, mbele ya gari akakataza mtu kusimama. Jamani! Injini iliruka kama inataka kutoka. Mauntini yake, ile raba inayoishikilia injini kwenye bodi, ilikuwa imekatika. Giaboksi ilikuwa nzima.

Mauntini ikabadilishwa siku hiyo hiyo, kwa sehemu ndogo sana ya ile pesa. Matofali yakanunuliwa. Na mke akasema neno ambalo nimelikumbuka hadi leo: "Wiki tatu hatusemezani, kwa ajili ya raba."

Giaboksi inaongea kabla haijafa

Somo la mzee yule ni hili: sauti moja inaweza kutoka sehemu kumi. Usikubali kubadilishiwa giaboksi kabla ya kujibiwa maswali. Dalili za giaboksi ya otomatiki iliyo na matatizo kweli ni hizi:

Unaingiza D, unasubiri sekunde mbili tatu ndipo gari linashika. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma juu lakini mwendo hauongezeki. Gia inaingia kwa kupiga kila inapobadilika, hata ukiwa barabarani. Gari linatetemeka kwenye mwendo wa kati kama linapita kwenye bati la mabati. Au taa ya O/D OFF inawaka na kuzima yenyewe. Kumbuka, taa hiyo ikiwaka tu bila kuzimazima, huenda mtu kabonyeza kitufe kilicho kwenye mkono wa gia. Usikimbilie kwa fundi, kibonyeze tena!

Kabla ya yote, angalieni oili. Na hii ni kazi ya dakika tano ambayo mnaweza kuifanya wenyewe Jumamosi asubuhi. Liendesheni gari mpaka lipate moto, mlisimamishe pahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kila nafasi, taratibu, kisha rudi P. Chomoa dipstiki ya giaboksi, ifute kwa kitambaa safi, irudishe, ichomoe tena. Usome pale palipoandikwa kwamba ni kipimo cha moto.

Rangi ndiyo yenye habari. Nyekundu safi kama juisi ya rosela, shukuruni Mungu. Kahawia, imechoka. Nyeusi na inanuka kitu kilichoungua, ndani kuna sahani zinalika. Na ikiwa ya maziwa, kama mtindi uliotiwa rangi ya waridi, zimeni injini hapo hapo. Hayo ni maji. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya rejeta, ndani ya kibomba kidogo. Kikitoboka kwa kutu, maji na oili vinachanganyika, na giaboksi nzuri inaharibika ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana mtu wa pwani hajazi rejeta kwa maji ya kisima chenye chumvi. Weka kulanti. Ni bei rahisi mno ukilinganisha na giaboksi.

"Oili ni oili tu" ni uongo

Hapa ndipo wengi wanapoumizwa. Oili ya giaboksi si moja. IST ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, inataka Toyota T-IV. Corolla na Carina nyingi za miaka ya 90 zilitumia Dexron. Toyota za baadaye zinatumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Halafu kuna giaboksi za CVT, zisizo na gia za kawaida bali mkanda wa chuma. Honda Fit za mwanzo zenye CVT zinataka oili ya Honda iitwayo HMMF, na Nissan nyingi zinataka NS-2. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT umeiua, ni suala la muda tu. Kabla fundi hajafungua kopo, soma maandishi kwenye dipstiki au kitabu cha gari, kisha soma kopo. Usione haya. Pesa ni yenu.

Ibadilishwe lini? Kwa barabara zetu, joto letu na milima yetu, kila kilomita 40,000 ni kipimo cha busara. Mjue pia kwamba ukifungua nati ya chini, haitoki oili yote. Kwenye gari dogo la Toyota zitatoka lita 3 hivi kati ya 6 na ushee, nyingine imebaki ndani kwenye mitambo. Kwa hiyo oili ikiwa imechoka sana, badilisha, endesha wiki mbili tatu, badilisha tena. Polepole. Kwa giaboksi iliyotelekezwa miaka mingi sishauri kuisukuma oili kwa mashine ya presha, kwa sababu uchafu uliolala unaweza kuamka na kuziba njia nyembamba za ndani. Na kama gia zimeshaanza kuteleza, oili mpya haitafufua sahani zilizokwisha. Fundi mkweli atakwambia hivyo kabla hujalipa.

Baadhi ya magari hayana dipstiki kabisa. Hayo yanapimwa kwa nati ya kufurikia, oili ikiwa na joto maalumu, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa. Hiyo mwachieni fundi mwenye kipimo cha joto. Na usimkubalie anayesema "hii oili ni ya maisha". Maisha ya nani?

Mombo, Lushoto na adabu ya mguu

Sasa twende mlimani. Wikiendi ya wapenzi Lushoto ni kitu kizuri, nani asiyejua? Lakini kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi za kupanda na kona, mpaka kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Gari la mtumba hapo linajulikana.

Mkipanda, zimeni O/D ili gari lisihangaike kubadilisha gia kila dakika. Hangaiko hilo ndilo linalopasha oili moto. Mkiteremka, wekeni 2, na kwenye mteremko mkali sana L, mkiwa mwendo mdogo. Injini ndiyo ishike gari, breki isaidie. Anayeshuka Soni na D huku kakanyaga breki njia nzima, akifika Mombo magurudumu yananuka, na siku moja breki itagoma.

Adabu nyingine ni za kila siku. Gari lisimame kabisa kabla ya kutoka R kwenda D. Ukiegesha kwenye mwinuko, kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia mguu gari likae, ndipo uingize P. Vinginevyo uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kijichuma kimoja ndani ya giaboksi.

Na likiharibika njiani? Otomatiki yenye kuvuta magurudumu ya mbele isivutwe kwa kamba huku magurudumu hayo yako chini. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikizima, giaboksi inazunguka kavu. Tafuteni gari la kunyanyua mbele. Mtalipa zaidi leo, mtashukuru kesho.

Kelele za chini: mmoja aendeshe, mmoja asikilize

Hapa ndipo ninapopenda. Kutafuta ugonjwa wa miguu ya gari kunahitaji watu wawili. Mmoja kwenye usukani, mmoja kashusha kioo, redio imezimwa. Hata simu iwekeni kimya. Nusu saa kama hiyo wengine hawajaipata tangu fungate!

Ko-ko-ko kwenye vijishimo vidogo, mwendo mdogo: anza na stabilaiza linki. Ni vijifimbo vidogo, ni rahisi, na ndivyo vinavyokufa kwanza kwenye barabara za changarawe.

Gari limesimama, unazungusha usukani, juu karibu na boneti panalia kama springi inayoruka: mauntini ya shokapu.

Tak-tak-tak ukikata kona kali huku gari linatembea: sivii jointi. Chunguza raba yake. Ikipasuka, grisi inarukia ndani ya gurudumu na mchanga unaingia. Raba ikibadilishwa mapema, jointi inapona. Ukingoja, unanunua jointi.

Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, na unabadilika ukiinamia kona: beringi ya gurudumu.

Ukipita kwenye tuta gari linacheza: simamisha, bonyeza kona ya gari kwa nguvu, achia. Likipanda na kutulia, shokapu iko hai. Likiruka mara tatu nne kama kitanda cha gesti, imekufa. Angalia pia kama imelowa oili. Na shokapu zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia. Ukibadilisha moja, gari litachechemea.

Kisha mwache fundi anyanyue gurudumu kwa jeki na kuliegemeza gari kwenye stendi. Asiingie mtu chini ya gari lililo kwenye jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Alishike gurudumu juu na chini, alitikise. Likicheza, ni boljointi au beringi. Alishike kushoto na kulia. Likicheza, ni tairodi endi. Muombe mwenzako aangalie kwa macho yake, siyo kusimuliwa.

Na jambo moja ambalo hata mafundi wengi hulisahau. Bushi mpya zikifungwa, nati zake zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa gurudumu linaning'inia, raba inajisokota gari likishuka, na baada ya miezi michache imechanika. Kisha unaambiwa spea ilikuwa feki. Labda. Labda nati ilikazwa juu.

Chumvi, mchanga na spesa

Sisi watu wa Tanga tuna adui wetu binafsi, naye ni bahari tunayoipenda. Upepo wa Raskazone una chumvi. Njia ya Pangani ilikula vumbi miaka mingi kabla kazi ya kuweka lami haijaanza, na njia ya Muheza kwenda Amani ina kona na mawe yake. Ukitoka safari ya namna hiyo, osha gari chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, sehemu za springi, sumpu na mabomba ya breki. Na ile picha ya gari limeegeshwa ufukweni mawimbi yanagusa matairi ni nzuri kwenye simu tu. Kutu haina haraka, lakini haisahau.

Halafu hii fasheni ya kuweka spesa ili gari dogo lisimame juu. Naelewa, mashimo yapo. Lakini ukinyanyua kupita kiasi, shafti zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, sivii jointi na boljointi zinakwisha haraka, na gari linakuwa jepesi kwenye kona. Kama ni lazima, iwe kidogo, na mwende alaimenti siku hiyo hiyo.

Kipi kingoje mshahara, kipi kisingoje

Hapa ndipo ndoa zinapopimwa, kwa sababu pesa haitoshi kila kitu. Mnaweza kuligawa hivi.

Kisichongoja hata siku moja: boljointi inayocheza, tairodi endi iliyolegea, beringi inayonguruma sana, bomba la breki lenye kutu. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala na usukani haukusikii tena. Fikiria hilo likitokea Segera, mbele lori, nyuma basi, na mtoto kalala kiti cha nyuma. Harusi ya binamu itasubiri. Mchango utapelekwa baadaye.

Kinachoweza kungoja wiki chache: mauntini iliyochoka, raba ya sivii iliyoanza kupasuka, oili ya giaboksi iliyogeuka kahawia. Wiki chache, si mwaka!

Kinachoweza kungoja mwisho wa mwezi: stabilaiza linki inayogonga bila kuachia, kelele ya bushi ndogo. Inakera, lakini haiui.

Nunueni daftari la mistari, liwekeni kwenye droo ya gari. Kila matengenezo yaandikwe: tarehe, kilomita, spea gani, oili aina gani, nani kalipa. Aliyebadilisha aonyeshwe spea ya zamani, na mwenzake aione. Mkienda gereji, nendeni wote wawili mkiweza. Na wewe kaka, fundi akikuelekezea wewe maelezo yote kana kwamba mkeo ni abiria, mrudishe kwa upole. Mara nyingi yeye ndiye anayeliendesha kila siku, na masikio yake yameshasikia usichokisikia.

Watu wa nje hupenda kuutania mji wetu, eti Tanga waja leo waondoka leo. Gari la mtumba halina utani huo. Likija, limekuja na tabia zake zote, na linakaa na nyie kwa raha na kwa shida. Jumamosi hii, kabla ya kwenda popote, fungueni boneti pamoja. Mmoja ashike dipstiki, mwingine ashike kitambaa. Kisha muulizane swali moja tu: "Mwenzangu, wewe unasikia nini?"